Kitambaa Chini ya Injini

Mambo yaliharibika siku ya Jumatatu, tarehe kumi na nne mwezi wa Mei, mwaka wa hamsini na sita, pale Kombani mbele ya soko, watu wote wakitazama. Idi ilikuwa imepita juzi tu na wengine walikuwa bado wamevaa kanzu zao mpya. Bwana mkaguzi wa magari alishuka kutoka Kwale asubuhi, akaketi chini ya turubai, akawaamuru askari wake watandike kitambaa cheupe chini ya injini ya kila gari la abiria, kisha akaagiza chai. Ukaguzi wenyewe ulikuwa ni huo. Gari huachwa linanguruma mpaka bwana amalize kikombe chake. Akimaliza, kitambaa huvutwa. Kikiwa safi unapigiwa muhuri, kikiwa na doa umekwisha.

Gari la Boga lilitoa tone moja.

Bwana mkaguzi alikinyanyua kile kitambaa kwa vidole viwili, akawaonyesha watu kama mtu aliyekamata panya.

"Mzee," akasema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, "gari yako nakojoa."

Watu wakacheka. Hata yule mwuza ndimu ambaye huwa haongei na mtu, siku hiyo alicheka.

"Leta Jumatatu ingine. Kama tone moja tena, hii gari nalala. Na mpaka hiyo siku hapana beba mtu. Hata moja."

"Ndiyo, bwana," akasema Boga.

Alikuwa na maneno tele kifuani, lakini wakubwa hao ndivyo walivyo: ukimjibu mmoja, kesho unamkuta kila mahali unapokwenda. Akamwashiria mlamu wake Alfani, ndugu wa marehemu mkewe, aliyekuwa ameshika usukani, alitoe gari pale. Boga mwenyewe hakuwahi kujifunza kuendesha. Macho yake yalikuwa yameharibiwa na kazi yake ya tangu ujana, kazi ya kalafati, kukaa juani kutwa nzima akishindilia pamba iliyolowa mafuta ya sifa katikati ya mbao za mashua ili maji yasipite.

Alipogeuka ndipo alipoliona gari la serikali lililomleta bwana mkaguzi. Lilikuwa limesimamishwa kando ya turubai. Mwili wake wote ulikuwa wa kijani, lakini mlango wa kushoto ulikuwa wa kijani kingine, cha kukolea, kama kiraka cha shati. Boga alisimama. Mlango ule alikuwa akiujua.

"Mwinga!" bwana mkaguzi akaita. "Leta sukari!"

Dereva akashuka mbio na mkebe wa sukari. Alikuwa yule yule, mtu wa upande wa Kinango, mrefu, mwenye kovu kidevuni. Miaka miwili Boga hakujua jina lake. Sasa alilijua.

"Mlamu, twende," Alfani akanong'ona. "Unamtazama mtu hivyo kwa nini?"

"Twende," akasema Boga.

*

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa masika, Mwanaima mke wa Boga alishikwa na tumbo alfajiri, tumbo la kukunja mtu kama mkeka. Majirani wa Gazi wakamlaza juu ya kitanda cha kamba, wakamfunika shuka, wakashika njia ya Msambweni kwenda hospitali, wanne wanabeba na wanne wanapokea. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ilikuwa tope tupu. Kwenye kona, pale palipokuwa na kambi ya watengeneza barabara, wakaliona gari la kijani lenye mlango wa kiraka limesimama. Dereva alikuwa ndani anatafuna muwa.

Boga alikimbia mpaka kwenye hema. Msimamizi alikuwa anakunja miguu ya suruali.

"Bwana, nina mgonjwa. Naomba gari, hapo Msambweni tu."

"Gari lina kazi," akasema msimamizi, wala hakuinua kichwa.

Basi wakaendelea kwa miguu. Mwanaima alikata roho kabla hawajaziona nyumba za Msambweni. Wakageuka na kitanda kile kile, sasa shuka limefunika mpaka usoni. Walipofika kwenye kona, gari lilikuwa pale pale. Nchi nzima ilikuwa imelowa, ila chini ya gari mchanga ulikuwa mkavu, mweupe, umechorwa mraba kama msala. Halikuwa limesogea hata unyayo mmoja tangu kabla ya mvua.

Kazi gani? Boga alimwuliza mzee wa mtaa, akaambiwa hayo ni ya chifu. Chifu akasema hayo ni ya mabwana. Kule kwa mabwana hakupita mlangoni, maana siku zile za hali ya hatari kila mwenye kofia alikuwa serikali. Msimamizi akahamishwa, hema likang'olewa, na Boga akabaki na swali lake kama mwiba uliovunjikia kisiginoni.

Ndipo alipouza minazi yake na kununua gari kwa Mzungu mmoja wa shamba aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa gari la kabla ya vita, nyuma lina bodi ya mbao. Akang'oa benchi la upande mmoja, akaweka kitanda cha kamba. Siku za soko lilibeba abiria na nazi zao. Siku yoyote lilibeba wagonjwa, na mgonjwa hakuombwa kitu. Watu wakaliita Kitanda cha Boga. Kutoka Kinondo mpaka Gazi, hakuna aliyebebwa tena mabegani.

Na sasa bwana mmoja na kikombe chake cha chai alitaka kulilaza.

"Yule dereva ndiye," Boga alimwambia Alfani njiani. "Yule wa kona."

Alfani akakaza mikono kwenye usukani. "Unataka kufanya nini?"

"Nataka kumwuliza."

"Ukimwuliza Jumatatu, muhuri hupati. Umeona alivyo yule bwana."

"Najua. Kwa hiyo kwanza muhuri, swali baadaye. Lakini nitauliza, mlamu. Wallahi nitauliza."

*

Siku ya pili yake Boga alitandika jamvi chini ya gari, akalala chali, akaangalia. Tone lilikuwa linaning'inia chini kabisa ya injini, kwenye ukingo wa lile sinia la chuma linalokusanya oili, ambalo madereva huliita sampu. Ukingo ulikuwa umelowa mzunguko mzima.

"Nimeliona," akasema. "Mshono umelegea."

"Huo si mshono, mlamu. Hizo ni nati."

"Kitu kinachounganisha vitu viwili ni mshono. Niletee pamba na kopo la sifa."

"Sifa? Mafuta ya papa ndani ya gari?"

"Mashua inakaa majini miaka, haiingii tone. Hiki kisinia kitanishinda?"

Akafanya kazi ya kalafati kama alivyofundishwa na baba yake. Alisokota pamba, akailoweka, akaishindilia kwenye ule ukingo kwa patasi butu na nyundo ya mti, pole pole, kuzunguka pande zote, kisha akapaka chokaa iliyokandwa na shahamu juu yake. Ilikuwa kazi safi. Fundi yeyote wa pwani angeipitishia mkono na kusema mashaallah.

Wakaondoka wawili tu kwenda Msambweni kulijaribu. Walipofika karibu na soko, injini ilikuwa imepata moto, na sifa ilikuwa imeanza kupika. Harufu ilitangulia mbele ya gari. Waliposimama, paka wa kwanza akatokea chini ya meza ya samaki, akafuata wa pili, na punde paka wote wa soko wakawa wameketi kulizunguka gari, mikia imekunjwa, wanangoja.

Mwanarusi, mwuza samaki wa kukaanga, akaweka chini upawa wake na kushika kiuno.

"Boga! Wewe ulinunua gari au ulivua papa?"

"Salaam aleikum, Mwanarusi."

"Waaleikum salaam. Tazama, wageni wako wamekuja kukupa mkono wa Idi, na wewe hata hushuki!"

"Tunajaribu injini."

"Tajeni bei basi, tuikate vipande! Kichwa nakichukua mimi!"

Soko lote likaangua kicheko. Alfani naye akacheka, akajifunika uso kwa kofia. Boga hakucheka. Alikuwa ameinama anatazama chini. Chokaa ilikuwa imepasuka, pamba imevimba na kulowa, na badala ya tone moja sasa yalikuwa yakidondoka matatu kwa zamu, na paka mmoja alikuwa akiyalamba.

*

Kesho yake asubuhi, akiwa anaing'oa ile pamba, alisikia hatua za watu wengi barabarani. Alitoka chini ya gari. Vijana wanne wa Kinondo walikuwa wamebeba kitanda, jasho linawatiririka, na juu yake alikuwa mzee Chome, mkojo umemfunga tangu juzi, uso umemgeuka rangi ya majivu. Mwanawe Mwero alikuwa mbele.

"Shikamoo, mzee Boga."

"Marahaba. Tueni kivulini."

"Gari lina nini?"

"Linavuja oili."

"Linavuja tu? Si linakwenda?"

"Linakwenda."

Mwero akalitazama gari, akamtazama baba yake. "Basi tupakie."

Alfani akasogea. "Mwero, tumekatazwa kubeba mtu. Askari akituona, gari halitoki tena. Si leo, si Jumatatu. Litakuwa banda la kuku."

Boga alihisi kama anakunja miguu ya suruali ndani ya hema. Gari lina kazi. Akafungua kinywa kusema pakieni, liwalo na liwe, lakini mzee Chome aliinua mkono wake mkavu kutoka chini ya shuka.

"Tengeneza gari lako, mwanangu," akasema. "Kuna wengine nyuma yangu watalitaka. Mimi nitafika, na nisipofika, nitakuwa nimetembezwa."

Boga akatupa patasi chini. Akaenda akamsogeza kijana mmoja, akashika mguu wa kitanda, akautia begani. Alibeba mpaka kwenye kona ile, wakapita penye kambi ya zamani, pale ambapo sasa palikuwa pameota magugu, wakapita mbele zaidi mpaka nyumba za kwanza za Msambweni zikaonekana, na mzee Chome alikuwa angali anagombeza vijana waende sawa. Hapo Boga akampisha mwingine. Alirudi nyumbani bega linamwaka moto.

Alfani alikuwa ameketi juu ya kinu anamenya chungwa.

"Mlamu, nikuulize kitu, usinikasirikie. Mashua ikijaa maji, maji yanakaa wapi?"

"Ngamani. Chini kabisa. Hata mtoto anajua."

"Na wewe unaziba ngama?"

"Nani anaziba ngama? Maji yanakusanyika ngamani, hayakuingilia ngamani. Unatafuta yalikoingilia, juu huko ubavuni, ndipo..."

Akaligeukia gari. Alfani akaendelea kumenya chungwa lake, uso mkavu kama wa kadhi.

"Mwanaharamu wewe," akasema Boga. "Tangu lini umelijua hilo?"

"Tangu paka wa kwanza. Lakini ulikuwa umeshika nyundo."

Boga aliingiwa na aibu mpaka masikioni. Vijana wangapi aliwatukana katika maisha yake kwa kuziba palipolowa badala ya panapopitisha! Yeye mwenyewe, mvi zimemjaa, alikuwa ameshinda anaziba ngama.

Alianza upya. Aliosha injini yote kwa mafuta ya taa na makumbi ya nazi, akasugua masizi ya miaka yote mpaka chuma kikaonekana rangi yake. Akaifuta, akaiacha ikauke. Halafu akafanya kama wafanyavyo mafundi mashua iliyozibwa inapojaribiwa nchi kavu, ikatiwa maji ndani na mbao zikapakwa chokaa kwa nje ili kionekane kila kijia cha maji. Alichukua chokaa ya unga, akaitia kwenye kitambaa chepesi, akaipuliza juu ya injini kila upande mpaka ikawa nyeupe kama mkate uliopakwa unga.

"Washa."

Wakaiacha inanguruma. Boga aliinamisha kichwa chini ya boneti, mikono nyuma, asiguse kitu. Muda ukapita. Kisha, kule nyuma kabisa, penye kile kifuniko kirefu cha juu ya injini, unga ukaanza kuwa kijivu. Ukawa mweusi. Mstari mwembamba ukashuka, ukapinda kwenye bolti, ukafuata mgongo wa injini chini, chini, mpaka kwenye ukingo wa sampu. Pale ukajikusanya, ukawa tone.

"Huyo!" akapiga kelele Boga. "Huyo mwizi, huyo! Zima!"

Walifungua kifuniko. Gasketi iliyokuwa chini yake, ule ukanda wa kuzuia oili isipite, ilikuwa imeungua na kukakamaa kama ukoko wa wali. Ukiigusa inavunjika. Upande wa nyuma haikuwepo kabisa.

Alfani alivuka kivuko kwenda Mombasa kwa miguu na kwa kuomba lifti, akarudi jioni mikono mitupu. Gasketi ya gari la aina ile iliagizwa Ulaya, na Ulaya haikuwa na haraka. Wakakata karatasi ngumu ya boksi. Ikalowa na kuchanika kabla hata hawajatoka kijijini. Ijumaa ikafika. Baada ya sala Boga aliketi kitandani kwake anatazama ukuta, na ukutani, juu ya msumari, ulikuwa umetundikwa msala wa Mwanaima.

Ulikuwa msala wa ngozi ya mbuzi, mrefu, wa kizamani. Mwanaima aliusalia tangu alipokuwa mwari. Manyoya yalikuwa yamekwisha, na katikati, palipokaa magoti na paji la uso, ngozi ilikuwa nyembamba, laini, unene wake sawa kila mahali, kama imepigwa randa. Kandokando ilikuwa nene huku, nyembamba kule, imejikunja. Boga aliushusha. Akaupima kwa shubiri. Palipofaa ni pale pale katikati.

Hakuukata. Aliuchukua akaenda nao nje, akamwekea Alfani mapajani.

Alfani alielewa mara moja. Uso ukambadilika. "Hapana."

"Sijasema kitu."

"Nimesema hapana. Dada yangu ameacha nini duniani? Mtoto hakuacha. Kaburi limeota nyasi. Amebakisha huu, na wewe unataka kuutia oili?"

"Ngozi nyingine za mtaani nimezipapasa zote. Hazina unene mmoja. Zitavuja."

"Zivuje!"

"Na mzee Chome? Na yule atakayefuata baada ya Chome?" Boga akachuchumaa mbele yake. "Alfani, wewe ulishika mguu wa kitanda siku ile. Ulikuwa nyuma kulia. Uliuona mchanga ule mkavu kama nilivyouona mimi. Nikuambie, mimi sina kisomo, hukumu za vitabuni sizijui. Lakini najua hili: angekuwa yu hai Mwanaima, angeukata kwa mkono wake, na angenigombeza kwa kuchelewa."

Alfani alipitisha kiganja pale katikati, mara mbili, mara tatu. Machozi yalimlenga lakini hayakushuka.

"Angekugombeza," akasema mwishowe. "Alikuwa anapenda kukugombeza." Akarudisha msala. "Kata. Lakini nikate nawe. Na swali lako lile, sitaki kuwepo. Mimi ni mwoga, mlamu. Nakuambia waziwazi."

"Hutakuwepo. Utakuwa umeshaondoka na gari."

Walipaka masizi ukingo wa kifuniko, wakakigandamiza juu ya ngozi, alama ikatoka. Wakaikata ndani na nje kwa wembe, mmoja anashika mmoja anakata. Matundu ya bolti wakayatoboa kwa msumari uliotiwa moto. Ngozi wakailaza ndani ya oili mpaka asubuhi ikashiba. Kisha Boga akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akakisugua kwenye chuma pande zote, maana alikumbuka dereva mmoja wa malori kumwambia kwamba oili haiyeyushi sabuni.

Alfani alishika spana, akaikaza bolti ya kwanza mpaka mishipa ikamtoka.

"Acha! Ukiikamua hivyo ngozi itakunjamana. Kidogo huku, halafu kidogo kule upande wa pili. Unairai, huipigi."

"Umeanza kuwa fundi wa magari sasa?"

"Nimeanza kuwa na akili. Kidogo, nimesema."

Jumapili wakaenda Msambweni na kurudi, gari tupu. Waliporudi Boga aliingia ndani, akatoka na kanzu yake ya Idi, akaitandika chini ya injini inayonguruma. Alfani akashika mdomo. Wakangoja mpaka chai ikachemka, ikanywewa, ikachemshwa nyingine. Boga akaivuta kanzu. Ilikuwa na vumbi, na jani moja, na kingine hakuna.

Jioni Mwero akapita na habari. Baba yake alifika, akafunguliwa mkojo, na sasa alikuwa anawagombeza wauguzi. "Kesho wanamtoa. Anasema harudi mabegani mwa watu. Anangoja Kitanda cha Boga."

*

Jumatatu mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika. Pale Kombani turubai lilikuwa linadondosha maji na bwana mkaguzi alikuwa na hasira ya viatu vilivyolowa. Gari la kijani lilikuwa limesimama pale pale pa siku ile, mlango wa kiraka umeelekea sokoni. Mwinga alikuwa ndani.

"Ah, mzee ya kukojoa," akasema bwana. "Tandika."

Kitambaa kikatandikwa. Alfani akawasha. Bwana akaagiza chai. Watu walewale wakasogea, mwuza ndimu akiwa mbele, na mtu mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti kama anayehesabu mabao mchezoni mpaka akanyamazishwa. Bwana alimaliza kikombe. Akaangalia chini ya gari. Akanyoosha kikombe kijazwe tena.

"Hiyo ya pili ni ya nani?" mtu akauliza nyuma. "Ya injini?"

Boga hakugeuka. Alikuwa anatazama ukingo wa sampu, akili yake yote imo ndani ya ule mviringo wa ngozi usioonekana. Shika, alikuwa akisema moyoni. Shika, Mwanaima. Shika kidogo tu.

Bwana akamaliza. Kitambaa kikavutwa. Akakigeuza juu na chini, akakinusa, akakikuna kwa ukucha mahali palipokuwa na uzi. Kilikuwa cheupe kama kilivyowekwa.

"Nani tengeneza?"

"Sisi, bwana."

"Na nini?"

"Na ngozi, bwana."

Bwana akaguna, akagonga muhuri. Watu wakapiga makofi. Boga alichukua karatasi, hakuitazama, akampa Alfani dirishani.

"Nenda. Mzee Chome anangoja."

"Panda, mlamu," Alfani akasema kwa sauti ya chini. "Tumeshinda. Panda twende zetu."

"Nenda, nimesema."

Alfani akatia gia. Kitanda cha Boga kikaingia barabarani, kikashika njia ya kusini, na Boga akasimama mpaka ngurumo yake ikapotea. Hapo ndipo alipovaa vizuri kofia yake, akatembea mpaka kwenye gari la kijani.

"Hujambo, Mwinga."

"Sijambo, mzee."

"Wanikumbuka?"

Mwinga alishusha macho kwenye usukani. Kidole chake kikawa kinakwangua mahali fulani pasipo na uchafu.

"Nakukumbuka," akasema.

Bwana mkaguzi akasimama kutoka kitini. "Nini tena, mzee? Muhuri napata. Kwenda!"

"Nimeupata, bwana, ahsante," akasema Boga, na sauti yake ilifika mpaka kwenye mabanda ya ndimu. "Sina shida na muhuri. Nina swali moja, na si lako, ni la huyu, maana yeye alikuwemo ndani ya gari. Miaka miwili nimelibeba na hakuna aliyenitua. Nilipita kwenye kona ya Gazi na mke wangu mgonjwa, nikaomba gari hili, nikaambiwa gari lina kazi. Nikarudi na maiti. Gari lilikuwa pale pale. Nchi yote imelowa, na chini ya gari mchanga mkavu."

Mwuza chai alikuwa ameshika birika hewani, hamimini wala haiweki chini.

"Nasema nini huyu?" bwana akamwuliza dereva wake.

Mwinga akamtazama bwana, akamtazama Boga.

Boga akaweka kiganja chake juu ya ule mlango wa kiraka, taratibu, kama mtu anayepapasa ubavu wa mashua kutafuta panapopitisha.

"Ilikuwa kazi gani, Mwinga?"